Mgonjwa Ambaye Angetembelewa

Ernestine wa Ilembo, hapa Mpanda, alifeli mtihani wa kuzungumza Kijerumani kwa sababu alikuwa na adabu. Wapo watu wanaofeli kwa uvivu, wapo wanaofeli kwa pombe, na wapo waliosoma sana hadi kichwa kikagoma njiani kama pikipiki iliyotiwa mafuta machafu. Yeye alifeli kwa kufuata utaratibu, na nusu ya Ilembo mpaka leo inamtetea.

Alikuwa na umri wa kuolewa, kwa mujibu wa majirani, na wa kuajiriwa, kwa mujibu wa cheti chake cha uuguzi. Yote mawili yalikuwa yanasubiri. Asubuhi alikuwa anajitolea kwenye zahanati. Kujitolea, kwa asiyejua, ni kufanya kazi zote za mwajiriwa isipokuwa ile ya kupokea mshahara. Jioni alimsaidia mama yake shambani, na Jumapili alikuwa katibu wa kwaya ya parokia, cheo ambacho nacho hakina mshahara lakini angalau kina sare.

Ndipo zikaja habari za Ujerumani. Kule wazee ni wengi, vijana wachache, na vijana wenyewe hawataki kuogesha wazee. Nyumba moja ya kutunzia wazee ilikuwa tayari kumchukua Ernestine kwa mafunzo na kazi, kwa sharti moja: alete cheti cha lugha cha kiwango cha B1. Wangemshikia nafasi hadi Septemba. Baada ya hapo nafasi ingeenda kwa mwingine, na dunia hii ina wengine wengi.

Kijerumani hapa Mpanda kilikuwa na mwalimu mmoja, na huyo ni Gelasius. Gelasius alikaribia kabisa kuwa padri. Kilibaki kitu kidogo tu, na kitu chenyewe leo ni mama wa watoto wake wanne. Aliwahi kukaa Ujerumani miaka kadhaa kwa udugu wa parokia na parokia, akarudi na koti zito pamoja na ugonjwa wa saa. Darasa lake la saa kumi, kwenye ukumbi wa parokia, lilikuwa linaanza saa kumi. Jambo hili liliwatisha watu. Wengine walidhani ana kisirani.

Siku ya somo lenyewe aliandika ubaoni maneno mawili, hatte na hätte, akarudi nyuma kuyatazama kama mtu aliyetega mtego wa kanga.

"Hili la kwanza ni nilikuwa na. Nilikuwa na ng'ombe. Hili la pili ni ningekuwa na. Ningekuwa na ng'ombe. Tofauti ni nini?"

"Nukta mbili juu ya a, Mwalimu," Ernestine akajibu.

"Tofauti ni ng'ombe," akasema Mabula kutoka benchi la nyuma. "Wa kwanza alikuwepo."

Mabula naye alikuwa muuguzi wa kujitolea, naye alikuwa anasaka cheti hichohicho. Kwao ni Kasekese, Wasukuma wa mifugo, na kwao ng'ombe hatumiwi ovyo kama mfano wa sarufi.

"Sawa," akasema Gelasius. "Nukta mbili zinamla ng'ombe wako, zinakuachia ndoto. Sasa tusonge mbele."

Akawaeleza kwamba Kiswahili chetu ni lugha ya huruma. Ukitaka kuota, unachomeka nge tumboni mwa kitenzi, basi, umemaliza: ningejenga, ningeoa, ningehama. Mjerumani hapendi mteremko. Kwanza anatafuta neno würde, ambalo ili ulitamke lazima ukaze midomo kama unapiga mluzi halafu useme i. Analiweka hilo karibu na mwanzo. Kisha anasimulia lini, na nani, kwa usafiri gani, na kwa nini. Kitenzi chenyewe kinakuja mwisho kabisa, kama mgeni rasmi.

"Kwa hiyo unakaa unamsikiliza mtu," Gelasius akasema, "anakwambia: mimi ninge, kesho, pamoja na shangazi yangu, kwa treni, hadi Tabora. Hujui kama anasafiri, anahamia, au anakwenda kuzikwa. Unasubiri kitenzi kishuke."

Halafu kuna vitenzi vichache vyenye kiburi, visivyotaka kubebwa na würde, vinabadilika vyenyewe: hätte, wäre, könnte. Ningekuwa na, ningekuwa, ningeweza. Hivyo ndivyo vya adabu. Mjerumani aliyelelewa haingii dukani akasema nipe mkate. Anasema Ich hätte gern ein Brot, yaani ningekuwa na mkate, kwa furaha.

"Na akishaupata?" Mabula akauliza.

"Akishaupata furaha inaisha, anaondoka."

Ernestine alilichukua somo moyoni, na kwa kuwa Mpanda haina Wajerumani wa kujaribia, alilijaribu sokoni kwa Kiswahili. Alisimama mbele ya mama wa nyanya, akaunganisha viganja.

"Ningependa kuwa na nyanya, kama ingewezekana."

Yule mama akamtazama usoni, akayatazama na mafungu yake, moja baada ya jingine. "Kwani nani amekukataza, mwanangu? Nyanya si hizi?"

"Nauliza tu kwa upole, mama."

"Upole wako unanitia wasiwasi. Hela unayo?"

"Ninayo."

"Sasa hiyo ingewezekana ni ya nini?"

Alimwongezea nyanya mbili za bure kwa kumhurumia, akidhani ni mgonjwa.

Mitihani ya kusoma, kusikiliza na kuandika Ernestine aliipita mara ya kwanza, bila jasho. Kilichobaki kilikuwa kuzungumza. Akapanda basi na Mabula hadi Dar, wakaingia chumba kimoja chenye kiyoyozi kinachong'ata, wakakuta watahini wawili: mama wa Kijerumani mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, na kijana wa Kitanzania aliyeonekana ameapa kutotabasamu hadi astaafu. Watahiniwa huzungumza wawiliwawili, na hawa wa Mpanda wakapangwa pamoja. Wakapewa karatasi. Mwanafunzi mwenzenu, Peter, amelazwa hospitali. Pangeni kumtembelea: mtaenda lini, kwa usafiri gani, mtampelekea nini. Mna dakika chache.

Hapa lazima tumwonee huruma Ernestine. Ilembo hakuna jambo linalofanyika bila kamati. Kuna kamati ya harusi, ya msiba, ya kipaimara, ya kumuaga padri na ya kumpokea padri, na ilishawahi kuundwa kamati ya kuzisuluhisha hizo mbili za mwisho zilipogombania sufuria. Watu wawili wakikaa peke yao na kuamua jambo, hao ama ni wapenzi ama ni wezi. Ernestine amekuwa katibu tangu apate kipaimara. Mtu wa namna hiyo unamwambia panga, atapangaje?

Mazungumzo yalikuwa ya Kijerumani. Hapa yanawekwa kwa Kiswahili ili na sisi tufaidi.

"Ningependekeza," Ernestine alianza, na würde yake ilitoka imeviringika kama kitumbua, "kwamba kabla ya yote tumchague mwenyekiti."

Yule mama wa Kijerumani aliandika kitu kwa furaha. Sentensi ilikuwa safi, kitenzi kimekaa mwisho kama alivyoagiza Gelasius.

"Ningekuunga mkono," akasema Mabula. "Wewe ungefaa."

"Nisingeweza, mimi ni katibu. Ungefaa wewe."

"Ningekubali, kama wajumbe wangekuwa na imani na mimi."

Wajumbe walikuwa wawili. Walikuwa na imani naye.

"Ingekuwa vizuri pia," akasema mwenyekiti mpya, "tukimkumbuka mgonjwa kwa kimya kifupi."

Wakainamisha vichwa, wakanyamaza. Katika mtihani wa kuzungumza.

Walipoinua vichwa waliingia kwenye suala la mhazini. Ernestine akasema wangeweza kumwomba mtu kutoka jumuiya ya jirani. Mabula akasema jirani wangelalamika kwamba wanaitwa kwenye kazi tu, kwenye mlo hawaitwi. Ernestine akasema hata hivyo wengine wangesema hawakushirikishwa. Mabula akasema kwa hiyo ingekuwa busara kuahirisha hadi akidi itimie. Hapo saa ikalia.

Mama wa Kijerumani akavua miwani. "Na Peter?"

"Peter angepelekewa taarifa," akasema Mabula.

Matokeo yalikuja. Sarufi karibu yote, matamshi mazuri, kazi iliyotakiwa haikufanyika. Wote wawili wakawa chini ya alama ya kufaulu, na Peter yuko kitandani mpaka kesho.

Gelasius alisimuliwa, akakaa kwenye benchi la wanafunzi. "Mngemfikia lini huyo mtu? Angepona, angeoa."

"Mwalimu, tungeenda wawili tu, kama tunadai deni?" Ernestine akauliza. Hakuwa anatania.

"Ndiyo. Wawili tu."

"Bila mtu mzima wa kutangulia?"

"Bila."

"Akituuliza tumetumwa na nani?"

Gelasius alifumba macho. Alikuwa amefundisha nukta, midomo na mahali pa kitenzi, kumbe angeanzia kwa mwenyekiti.

Nyumbani, mama yake Ernestine alikuwa anamenya mihogo uani. Anaitwa Libérate. Aliingia nchi hii akiwa mgongoni kwa mama yake, vita vikiwa nyuma yao, kutoka Burundi, akalelewa Katumba kwenye makazi ya wakimbizi kabla ya kupata uraia na kuhamia Ilembo. Utoto wake wote uliliwa na neno moja. Wazee walikuwa wanakaa jioni na kusema tungerudi, tungekuta shamba, tungejenga palepale, hadi hiyo tungerudi ikaota mvi ikazikwa pamoja nao. Yeye alipoapishwa kuwa Mtanzania alitoka pale akaenda kupanda migomba.

"Mama, nafasi wananishikia hadi Septemba tu," akasema Ernestine. "Nikifeli tena inaenda kwa mwingine."

"Itaenda. Utafanyaje?"

"Wewe unataka niende, au nibaki?"

Libérate aligeuza muhogo, akatafuta upande usiomenywa. "Mwana wanje, mimi nililetwa hapa mgongoni, hakuna aliyeniuliza. Wewe umeulizwa. Jibu mwenyewe."

"Nataka kwenda."

"Basi acha kunitembeza ningekuwa, ningefanya, kuanzia asubuhi. Kaa umenye."

Gelasius alikuja na dawa yake. Kuanzia siku ile, Ernestine na Mabula wakipanga jambo darasani kwa Kijerumani, lazima walitekeleze siku hiyohiyo, wawili, bila kumuarifu mtu. Walianza na kununua chaki. Ilikuwa vigumu kuliko inavyosikika, kwa sababu Mabula alitaka kwanza kujua kama wanafunzi wengine wameridhia rangi.

Wakiwa katikati ya dozi hiyo, Mama Theopista akavunjika mguu.

Theopista ndiye sauti ya pili ya kwaya ya parokia. Akikohoa, kwaya nzima inapotea njia. Ni Mpimbwe, mjane, analima mpunga Kabungu, na aliteleza kwenye tuta la jaruba lake mwenyewe akiwafukuza ndege. Mguu ukafungwa hogo la plasta, akarudishwa nyumbani kulala. Kwaya ilitangaziwa Jumapili, na kwaya haikulala: iliunda kamati. Jumapili iliyofuata kamati ilikuwa imeshazaa kamati ndogo ya usafiri. Jumapili ya tatu waligombana kama kadi ya pole iandikwe kwa niaba ya kwaya au ya parokia nzima.

"Mgonjwa mmoja," Gelasius akasema darasani. "Pangeni."

Ernestine akashika meza. "Wir könnten heute fahren." Tungeweza kwenda leo.

"Leo hii?" Mabula akauliza kwa Kijerumani.

"Leo hii. Tungempelekea machungwa."

"Na nani angetangulia?"

Ernestine akaiachia meza. "Hakuna."

Mabula akavua kofia kama mtu aliyepewa habari za msiba. Wakapanda bodaboda moja, machungwa katikati yao, wakaelekea Kabungu.

Mama Theopista alikuwa amelala barazani. Aliwapokea, akaitikia shikamoo mbili, kisha akachungulia nyuma yao.

"Wenzenu wako wapi?"

"Tuko wawili tu, mama," akasema Ernestine.

"Nani kawatuma?"

"Hakuna. Tumekuja tu kukuona."

Yule mama akapiga hesabu. Wauguzi wawili, siku ya kazi, bila mwenyekiti, bila wimbo. Akavuta kitenge hadi kidevuni. "Niambieni ukweli, wanangu. Mguu wanaukata?"

"Haukatwi, mama."

"Mnaapa?"

"Tunaapa," akasema Mabula. "Tumekuja kwa sababu ya Kijerumani."

Jibu hilo halikumsaidia mgonjwa. Ilibidi waanze mwanzo, na Peter, na mwenyekiti, na kile kimya kifupi, na walipofika pale kwa Peter kupelekewa taarifa Mama Theopista alicheka hadi akaomba ashikwe ule mguu usichezecheze. Ernestine alimtazama vidole, akaona vimevimba, akamwekea mito chini ya mguu na kumwonyesha namna ya kuvichezesha. Mabula akachota maji, akaosha vyombo. Wakala machungwa. Kisha wakakosa la kufanya, maana ugeni wa watu wawili unaisha haraka, na katika kimya kile wakasikia ndege.

Mpunga ulikuwa umeiva na kuinama. Ndege walikuwa wametua juu yake kama wenye hati.

"Nani atakuvunia, mama?" Ernestine akauliza.

"Ningevuna mwenyewe," akasema Mama Theopista, akageuza uso ukutani.

Kikao cha dharura cha kwaya kiliitwa mara tu habari zilipofika Ilembo, na zilifika kabla ya bodaboda. Mwenyekiti Amosi, mtu mwembamba wa mwili na mnene wa maneno, hakukaa.

"Katibu, juzi ulikuwa wapi?"

"Kabungu, Mwenyekiti. Kwa Mama Theopista."

"Kwa niaba ya nani?"

"Yangu."

Amosi akawageukia wajumbe ili nao waumie. "Kwa niaba yake. Ndugu zangu, katiba yetu haina kitu kama hicho. Mtu anaamka asubuhi, anaona kuna mgonjwa, anaenda. Tutafika?"

"Tulifika, Mwenyekiti," akasema Mabula, ambaye kwenye kwaya anaimba besi na ana tabia ya kujibu maswali yasiyomhusu.

Ernestine akasimama. Hakulelewa kumpinga mtu mzima mbele ya watu. "Mwenyekiti, naomba radhi kwa kutangulia. Ila mpunga wa mama umeiva na ndege wanaumaliza. Sisi wawili tulipeleka machungwa. Machungwa hayavuni. Ningependekeza twende wote Jumamosi hii, na mundu, na kadi tuiache."

"Hilo lingepaswa kupitia kamati ndogo ya usafiri."

"Kamati ndogo ya usafiri ni mimi," akasema Mabula. "Trekta la mjomba lipo, na tela lipo."

Amosi aliangalia juu, akaangalia chini, akatafuta kipengele. Hakukipata. "Basi iwekwe kwenye kumbukumbu," akasema, "kwamba mwenyekiti ndiye aliyeelekeza."

Jumamosi walikwenda, kwaya nzima, tela limejaa hadi miguu inaning'inia. Walivuna kwa mistari, soprano mbele, besi nyuma, wakipura na kuimba, wanawake wengine wakipika kwenye masufuria yaleyale yaliyowahi kugombaniwa. Mama Theopista alibebwa na kiti hadi kando ya jaruba, mguu juu ya gunia, akaimba sauti yake ya pili huku akiwaelekeza wasiache mashuke nyuma kama watu wa mjini. Amosi alitoa hotuba ndefu ya kuishukuru kamati kwa kasi yake.

Gelasius naye alikuwepo, mikono ya shati imekunjwa, anavuna vibaya. "Kule Ujerumani," alimwambia Ernestine wakipumzika, "wawili wangekuja siku ileile, na maua, na mguu ungetazamwa vizuri sana."

"Na mpunga?"

"Mpunga ungeliwa na ndege," akasema, akaendelea kuvuna.

Mtihani wa marudio ulifika. Safari hii Mabula alipangwa na bwana mmoja wa Mbeya mwenye sauti ya mnada, na Ernestine akapangwa na binti wa Tukuyu aitwaye Mercy. Mercy alikuwa amevaa vizuri na alikuwa anatetemeka vizuri. Walipoingia ndani, mama wa miwani akawasalimia. Kama alimkumbuka Ernestine hakuonyesha. Karatasi ilisema: mzee jirani yenu anahama nyumba. Pangeni kumsaidia.

Ernestine alivuta pumzi. Hakuchagua mwenyekiti. "Wir könnten am Samstag helfen," akasema. Tungeweza kusaidia Jumamosi. Wangeazima gari, wangeanza asubuhi. Kitenzi, yule mgeni rasmi, kilikaa mahali pake kila mara. Akamgeukia mwenzake. "Wewe ungeonaje?"

Mercy akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Macho yakajaa maji, na kijana asiyetabasamu akaitazama saa.

Ernestine alijua hesabu ilivyokaa. Angeweza kuendelea peke yake, siku, gari, maboksi, akamaliza kila kitu kwa ufasaha, lakini ule ulikuwa mtihani wa kuzungumza na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amezimika. Nafasi ya Septemba ilikuwa imekaa pale mezani katikati yao, na nusu yake ilikuwa mdomoni mwa Mercy.

Sasa kuna jambo ambalo kila katibu wa Ilembo analijua. Katika kila kamati yupo mama anayekaa karibu na mlango na hasemi. Ukimwomba maoni, atasema yaliyosemwa yanatosha, na kesho ataenda kusema kisimani kwamba hakusikilizwa. Mama huyo humwombi maoni. Unamuuliza ataleta sufuria gani.

"Mercy," akasema Ernestine, polepole, kwa Kijerumani, "ungeleta maboksi, au ungependa kupika?"

"Kupika," Mercy akanong'ona.

"Ungepika nini?"

"Ndizi."

"Mzee wa Kijerumani angekula ndizi za kupikwa?"

Mercy akafikiri. Hilo alikuwa na msimamo nalo. "Angezoea," akasema.

Mama wa miwani akatoa sauti ndogo puani. Na Mercy, akiwa ameshaingia jikoni kwake, akakaa sawa kwenye kiti, akaanza kusema. Ndizi zingehitaji muda. Jumamosi asubuhi kwa hiyo isingefaa, wangeanza Ijumaa jioni. Alifikisha sentensi nzima na kitenzi kikashuka mwisho, mzima, na mizigo yake.

Ilikuwa zamu ya Ernestine kukubali, kama alivyokubali maisha yake yote. Alimtazama Mercy kwa upendo. "Ijumaa nisingeweza," akasema. "Ningekuwa kazini."

Wakavutana kidogo, kama watu wanaojuana. Ndizi zikapikwa Ijumaa usiku, gari likaja Jumamosi, maboksi yakabebwa na Ernestine, mzee akala njiani. Saa ilipolia alikuwa ameshahama, na kijana yule alikuwa na kitu mdomoni ambacho, kwa mtu mwingine, kingeitwa tabasamu.

Matokeo yalimkuta Ernestine uani, anaanika mihogo na mama yake juu ya turubai. Alisoma simu mara mbili, akampa mama, akakumbuka kwamba mama hajui Kijerumani, akaichukua tena.

"Nimefaulu."

Libérate alimaliza kutandaza kipande alichokuwa nacho mkononi. Kisha akasimama, akajinyoosha mgongo, akamwita jirani juu ya ua wa matete. "Wangu amefaulu."

"Anaondoka lini?" jirani akauliza.

"Septemba," akasema Libérate. Alilisema vizuri tu, kama mtu anayetaja mwezi wa kawaida, akarudi kukaa karibu na binti yake kuliko alivyokuwa amekaa mwanzo.

Simu ikalia tena. Ulikuwa ujumbe wa Mabula, kwamba yule bwana wa Mbeya alipiga kelele sana lakini wamepita wote wawili. Baada yake ukaja mwingine, mfupi: na mimi nimefaulu, dada, asante. Ernestine akausoma kwa sauti.

"Huyo naye ni nani?" mama akauliza.

"Mercy. Yule tuliyemhamisha naye mzee."

Libérate hakujua ni mzee gani wala alihamia wapi. Akageuza mihogo iliyokuwa imeanza kukauka upande mmoja, akasema ni vizuri, wazee wasaidiwe.